Reale ya Mzinga, Msimu wa Ndege

Jumapili, 4 Mei 2025

Mama, leo nikiwa na udhu, nimeketi mkekani mbele ya Bibi, naahidi kukuandikia kila jambo kuanzia sasa mpaka mpunga utakapoingia ndani. Sitaruka kitu. Hata yale yatakayonionyesha mbaya nitayaweka, tena kwa wino, nisiweze kuyafuta.

Nimeamua hivi kwa sababu ya simu. Ijumaa ukipiga, unauliza kama tumekula, nasema tumekula. Unauliza kama nasoma, nasema nasoma. Halafu mtandao wa huko unakatika na mimi nabaki na maneno yote niliyoyapanga tangu Jumanne. Anti Blandina wa Mhezi anakuja likizo mwezi ujao na atarudi huko kwenu Maskati katikati ya Julai. Amekubali kukubebea daftari.

Habari za hapa Kihurio ni kwamba mpunga umeanza kutoa masuke. Maji ya mfereji yanatufikia Jumatatu na Alhamisi. Mjomba Habibu amenijengea dungu jipya katikati ya majaruba yetu ya mpunga, nguzo nne na paa la nyasi, na kutoka hapo kamba zinakwenda pande zote, kila kamba imening'inizwa makopo. Nikivuta, yanalia na ndege wanaruka. Mwaka huu kuamia ndege ni kazi yangu peke yangu, asubuhi kabla ya shule, jioni baada ya shule, na likizo kutwa nzima. Zamani tuliamia wawili, wewe na kombeo, mimi na makopo, na ulikuwa ukiwatukana ndege kama vile ni majirani. Mimi sijui kuwatukana. Nikivuta kamba, wanahamia upande wako.

Ulituambia mkataba wako ni wa miaka mitatu, na kwamba anayeuvunja hujilipia nauli na faini. Basi imebaki miezi tisa, mpaka Februari. Naweza kungoja miezi tisa. Nimeiandika hiyo sentensi ili niitazame nione kama ni kweli.

Jumatatu, 5 Mei

Manyunyu. Kwelea kwelea wachache. Nilifika shule na matope mpaka magotini.

Ijumaa, 9 Mei

Ulipiga. Dakika nne. Tumekula, nasoma.

Jumatano, 14 Mei

Mwalimu Beatha wa Historia ametupa kazi. Tunasoma biashara ya misafara, ile njia ya kutoka Pangani iliyopita chini ya milima yetu kwenda Kilimanjaro. Kila mwanafunzi atafute nyumbani kwao kitu kilicho kizee kuliko mtu mzee kuliko wote wa nyumba hiyo, aeleze kilifikaje.

"Msiniletee redio ya babu," alisema. "Nataka kitu kilichokuja kwa miguu ya watu."

Nilimwuliza Bibi wakati anapepeta mchele. Hakusimamisha ungo.

"Kuna reale."

"Reale gani, Bibi?"

"Iliyotiwa kwenye maji yako siku ya arobaini. Kila mtoto wa kike wa nyumba hii huogeshwa kwa maji yake. Mama yako hakukuonyesha?"

Nilisema hukunionyesha. Bibi alitazama ungo kidogo, kisha akaenda chumbani akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na kitambaa, ndani ya kitambaa mlikuwa na sarafu nyeusi, pana kuliko mdomo wa chupa, nzito. Upande mmoja kuna kichwa cha mwanamume mwenye pua kubwa na majani kichwani. Upande wa pili kuna ngao katikati ya nguzo mbili.

"Unaiona mizinga hiyo?"

"Bibi, hizi ni nguzo."

"Wewe umesoma, kwako ni nguzo. Sisi tuliambiwa mizinga, ndiyo maana inaitwa reale ya mzinga. Ile yenye mwanamke ni reale ya Sham, hizo zilikuwa nyingi. Hii haikufika hovyo."

Akanionyesha alama mbili ndogo zilizogongwa kwenye shavu la yule mtu, kama makovu ya ndui. Alisema ni mihuri ya wafanyabiashara wa mbali waliowahi kuishika na kuiamini. Halafu akaidondosha juu ya jiwe la kusagia. Mama, ilitoa mlio mrefu, mwembamba, ambao uliendelea hata baada ya mimi kudhani umekwisha.

"Wazee hawakujua kuisoma," alisema. "Waliisikiliza. Ya bati husema ko, ikanyamaza."

Nikauliza ilifikaje kwetu. Akasema mkubwa wetu wa zamani, bibi yake bibi yake, aliyeitwa Nakunda, aliwauzia chakula watu wa msafara. Alisema hivyo huku ameshaanza kufunga kitambaa.

Jumatatu, 19 Mei

Bibi alikataa reale isitoke nyumbani. Basi nilimwomba Mjomba aipige picha kwa simu yake, pande zote mbili, amtumie Mwalimu Beatha. Mwalimu aliikuza kwa vidole mbele ya darasa, akatuita watatu watatu tuone.

Mwaka uliochorwa chini ya yule mtu ni 1796. Yeye ni mfalme wa Hispania. Fedha yenyewe haikuchimbwa Hispania, ilichimbwa Meksiko, na watu ambao hawakubaki na chochote mikononi. Ikavuka bahari. Alama zile mbili zinaonyesha huenda ilipita kwa Wachina. Kisha India, au Arabuni, kisha Unguja, kisha pwani, kisha mabegani mwa wapagazi mpaka hapa. Mwalimu alisema dunia nzima iliiamini kwa sababu uzito wake haukubadilika, hivyo mtu wa Kihurio na mtu wa China ambao wasingeelewana neno moja waliweza kuelewana juu ya hii.

"Ilikuwa na thamani ya reale nane. Na hilo neno lao, reale, lilibaki kila ilipopita. Nani anajua nchi inayolitumia mpaka leo?"

Niliinua mkono. Nikasema Omani, fedha yao inaitwa riali.

"Umejuaje, Nasrin?"

"Mama yangu ndiyo anayolipwa."

Ibrahimu, anayekaa nyuma yangu, akasema polepole, "Kumbe nyie mnalipwa na mfalme tangu enzi." Watu wakacheka, hata mimi. Nilipata alama tisini na mbili. Lakini wakati wa kurudi nilikuwa nafikiria kwamba kile kipande cha fedha kimezunguka dunia nzima kikafika kwetu na hakijaondoka tena, na wewe umeondoka kwetu kwenda kulifuata jina lake.

Jumamosi, 24 Mei

Mjomba aliiweka ile picha kwenye status. Aliandika, "Mali ya Mjerumani." Nilimwambia si ya Mjerumani, akasema watu hawatafuti mali ya Mhispania.

Leo amekuja mtu kutoka Same mjini anaitwa Yunus. Ananunua rupia za Mjerumani na vitu vya kale, au tuseme anawatafutia wanunuzi. Alivaa koti siku ya jua. Alimwamkia Bibi vizuri sana, "Shikamoo mama yangu," mara mbili, ya pili bila sababu.

"Marahaba. Keti, baba. Umekuja kununua mchele?"

"Mchele nitauhitaji, lakini kwa kupima. Mama, mzigo wa uhakika una dalili tatu. Unazima tochi. Unasimamisha saa. Na unavuta mchele. Ukiwa na moja tu kati ya hizo, bosi wangu wa Arusha anatuma gari leo leo."

Bibi alimwambia kwamba kama kitu hicho kinavuta mchele, angekuwa amekwisha kukipeleka jarubani kivune. Lakini alikitoa, kwa sababu Mjomba alimwomba mbele ya mgeni.

Yunus aliweka reale katikati ya sinia, akamwaga punje za mchele kuizunguka. Sote tukainama. Punje hazikwenda popote. Alisema mchele ni mpya sana. Tukaleta wa mwaka jana. Huo nao ukakaa. Kisha akawasha tochi ya simu ya Mjomba, akaileta karibu polepole, na tochi ikazimika. Mjomba alikaa chini ghafla kama aliyesukumwa.

"Umeona? Umeona mwenyewe?" Yunus alisema.

"Habibu," Bibi akasema, "hiyo simu umeichaji lini?"

Mjomba akafikiri. "Juzi."

Yunus hakukata tamaa. Alisema nguvu imo ila uso wake umefungwa na weusi wa miaka mingi, uso ukifunguliwa itavuta. Akataja bei yake ikivuta. Sitaiandika kwa sababu nikiiona itaonekana kama kitu cha kweli. Akasema atarudi baada ya Idd, na akaondoka na kilo mbili za mchele wa bure.

Alipotoka nilisikia Mjomba akimwambia Bibi uani, "Mama, hiyo ndiyo nauli. Tungeiuza tu, mambo yangekwisha." Bibi akamjibu kwa Chasu, Kipare chetu, haraka, na anapojibu kwa Chasu hakuna wa kuongeza neno.

Nimemwona Mjomba kuwa mroho, Mama. Nauli ya kwenda wapi? Ana pikipiki.

Ijumaa, 30 Mei

Hukupiga.

Jumatatu, 2 Juni

Ndege wengi sana. Wanakuja kama moshi, wanageuka wote pamoja, unasikia mbawa kabla ya kuona. Sauti yangu imekauka. Jambo moja nimeligundua: siku nikipiga kelele sana, jioni mtu akinisalimia sina cha kumjibu.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Nguo ulizotuma zimefika kwa basi na zinanitosha urefu, kifua kinabana. Umenishonea mtoto uliyemwacha. Bibi ameachia mishono ya pembeni. Ulipiga, kulikuwa na watu wengi nyuma yako wakizungumza, ukasema, "Umependeza?" nikasema ndiyo, nikakumbuka kwamba huwezi kuona.

Alhamisi, 12 Juni

Hii ndiyo siku niliyoogopa wakati ninaahidi.

Shule imefungwa tangu wiki iliyopita, kwa hiyo nashinda dunguni kutoka jua linapotoka. Bibi huniletea chakula saa saba, anaondoka. Watoto wa majaruba jirani wana ndugu zao, wanarushiana maneno kutoka dungu hadi dungu. Mimi navuta kamba. Na kwa siku nne nimekuwa nikiwaza yale maneno ya Mjomba, nauli, mambo yangekwisha. Nikaelewa, au nikadhani nimeelewa, kwamba nauli ni yako. Kwamba reale ikivuta mchele, mtu ataweza kulipa ile faini na tiketi, na wewe usingoje Februari. Namjua Yunus ni mwongo. Nataka uelewe hilo, Mama, sikuwa mjinga. Shuleni tumefundishwa kwamba fedha haivuti kitu. Nilijua, na bado nilitaka kuona.

Jana jioni Bibi alipokwenda msibani kwa jirani nilitoa reale kwenye kopo. Nikachukua msasa wa Mjomba, ule anaosugulia mipira ya pikipiki kabla ya kuziba pancha. Leo asubuhi nilivipeleka dunguni.

Nilianza kidogo, pembeni. Weusi ulitoka, chini yake pakang'aa kama maji. Nikafurahi. Nikasugua shavu, nikasugua pua, nikasugua majani ya kichwani. Ilikuwa kazi nzuri, Mama, mkono unajua unachofanya na kichwa kinapumzika. Ndege walishuka upande wa mfereji na sikuwavutia kamba. Nilitoa masuke matatu, nikapukusa punje, nikaziweka kuzunguka reale juu ya ubao. Nikakaa nazitazama. Upepo ulisogeza mojawapo, na kwa muda wa pumzi moja niliamini.

Kisha nikaitazama reale yenyewe. Mfalme hana pua. Kile kishimo cha jicho kimekwisha. Alama za Wachina zimebaki kama kivuli. Kwenye 1796 ile sita haisomeki, na tisa inakaribia. Nguzo sikuzifikia. Nimekaa na kitu kilichotembea dunia nzima zaidi ya miaka mia mbili, kila mtu akakiacha kama alivyokikuta, mpaka kilipofika kwangu na kipande cha msasa.

Nimeirudisha kwenye kopo. Sijasema. Jaruba la upande wa mfereji limeliwa theluthi.

Ijumaa, 13 Juni

Ulipiga. Tumekula. Nasoma. Ulisema, "Mbona sauti yako imekuwa ndogo?" nikasema ni ndege.

Jumamosi, 14 Juni

Yunus alirudi, na koti lilelile. Bibi alipofungua kitambaa nilikuwa nimesimama mlangoni na nilishindwa kuondoka.

Yunus ndiye aliyesema kwanza. "Nani kaisugua?"

Nikasema ni mimi.

"Nani kakwambia usugue? Kufungua uso ni kazi ya fundi wangu, ana dawa zake, mnamlipa, anafungua. Hii umeiua. Hii sasa ni ya kuyeyusha, pete mbili basi."

"Basi huyo fundi wako ndiye bei," Bibi alisema. Alisema kwa utulivu. "Nilikuwa nangoja nijue bei iko wapi. Habibu, msindikize mgeni."

Mjomba alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alinipita, akaingia, akatoka na chupa ya maji ya kunywa, akanipa. Hiyo tu.

Bibi hakunigombeza. Alifunga kitambaa, akaenda kuswali. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 16 Juni

Leo Bibi alikuja dunguni saa tatu, kabla ya wakati wa chakula, na akapanda. Nilimwambia ngazi ni mbovu, akasema na yeye ni mbovu, wataelewana. Alikaa karibu nami, akatoa reale kifuani, akapitisha kidole gumba.

"Umemnyoa mfalme," alisema.

Nikaanza kulia. Aliniacha nilie, akavuta kamba za ndege mwenyewe, kulia na kushoto, kama anayepiga kengele. Nilipomaliza nikamweleza yote, punje za mchele, nauli, faini, Februari. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliidondosha reale juu ya kopo la chuma la kamba. Ikalia vilevile, ndefu.

"Sauti haikuchubuka. Sasa nikwambie, maana nilikudanganya. Nakunda hakuuza chakula."

Nitaandika alivyosema.

Kulikuwa na njaa milimani, huko juu kupita Mhezi. Mvua ilikosekana miaka miwili. Watu wa milimani walishuka huku kwenye mifereji kutafuta nafaka, na asiye na kitu cha kutoa alitoa mtoto, awekwe rehani mpaka mambo yatakapopoa. Nakunda alikuwa na umri kama wangu. Baba yake alimwacha Kihurio kwa mizigo miwili ya mtama, akamwambia atakuja kumchukua mvua ikinyesha. Baba akafa njaa ileile. Kaka yake hakusahau. Alipokuwa na nguvu za kutosha alijiunga na msafara, akabeba pembe ya ndovu mpaka Pangani, akarudi na mzigo mwingine, na ujira wake wote ulikuwa hii reale moja. Hakuila wala hakuinywa. Alikuja nayo moja kwa moja mpaka hapa kumkomboa dada yake. Ilikuwa imepita miaka saba.

"Akamkomboa?"

"Haikumfikia mwenye rehani; Nakunda aliipokea kwa mikono miwili. Akampikia kaka yake wali, akamlaza. Asubuhi akamsindikiza mpaka mtoni. Kisha akarudi hapa, peke yake, na reale mkononi."

"Kwa nini?"

"Hatukuambiwa. Mwanamke anayepewa reale hii husimuliwa mpaka hapo, kisha anajiwekea jibu lake. Mama yangu alisema, alikwisha kupata mtoto. Mimi nilisema, alikwisha kupata jaruba lenye maji, na huko juu hapakuwa na maji. Nilikuwa nimeolewa karibuni, nilipenda sana maji."

Nikamwuliza wewe, Mama, ulisema nini.

Bibi alivuta kamba kabla ya kujibu, ingawa hapakuwa na ndege.

"Mama yako alikuwa na miaka kumi na minane. Alisema, huenda kaka hakumwuliza. Alifika, akaweka fedha chini, akasema, jiandae twende. Miaka saba watu wanampangia, huyu anamweka, huyu anamtoa. Basi akasema, hilo moja nitaliamua mimi."

Mama, hukuwahi kuniambia kwamba unafikiri mambo kama hayo.

Jumanne, 17 Juni

Ndege. Bibi amekuja tena na mkeka.

Jumapili, 22 Juni

Mpunga unageuka rangi. Mjomba amenifundisha kombeo. Ninapiga kila kitu isipokuwa ndege.

Ijumaa, 27 Juni

Ulipiga, dakika sita. Nilitaka kukuuliza juu ya Nakunda, nikauliza huko ni joto kiasi gani. Ulisema kama ndani ya tanuri la mikate.

Jumamosi, 5 Julai

Anti Blandina ameshuka leo kutoka Mhezi kutusalimia. Alileta maharage na viazi vya mlimani, na harufu yako, kwa sababu mnatumia sabuni moja. Amenenepa, anacheka, anazungumza na Bibi kwa Chasu, na mimi kwa Kiswahili chenye Kiarabu ndani.

Nilimtengea chai. Akaanza kusimulia, bila mimi kuuliza, jinsi mnavyokutana Ijumaa jioni, jinsi ulivyomfundisha bibi mzee wa nyumba yako mpya kula wali wa nazi, na kwamba anakuita kwa jina la binti yake.

"Nyumba mpya?" nikauliza.

"Tangu alipoingia mkataba mpya, Februari hii. Ule wa kwanza wa miaka miwili si uliisha? Huyu bosi ni mzuri, tena anamruhusu kushona. Ana cherehani yake chumbani. Mama yako siku hizi anacheka, Nasrin, anacheka mpaka nasema jamani, tutafukuzwa." Kisha aliniangalia, akashusha kikombe. "Hakuwaambia?"

Nikasema ametuambia. Ndiyo uongo mtupu wa kwanza niliousema tangu tarehe nne Mei, na nauandika.

Nilitoka kwenda kuangalia kuni. Nilikaa nyuma ya jiko. Kitu kilichonichoma kuliko mkataba ni kicheko. Nilijaribu kukisikia masikioni nikashindwa. Nakijua cha zamani, cha dunguni, cha kuwatukana ndege. Hicho cha cherehani na bibi mzee sikijui.

Jumapili, 6 Julai

Mjomba alinikuta dunguni. Ulimwambia habari za mkataba mpya mwezi wa Machi, kumbe. Miaka miwili mingine, na asiniambie mpaka nimalize mtihani wa kidato cha pili, nisivurugike.

"Ndiyo maana nilitaka kuiuza," alisema. Alikuwa chini, ameshika nguzo, hakunitazama. "Nilifikiri nikimtumia tiketi, hana la kusema. Atapanda ndege tu. Nimeishi na nyie wawili, wewe na bibi yako, kila Ijumaa mnakaa na ile simu kama mnangoja matokeo. Nimechoka kuona."

"Nilidhani wewe ni mroho, Mjomba."

"Mroho pia ni mimi. Ningenunua tairi."

Tukacheka kidogo. Alipanda, akakaa upande wako, akawatukana ndege vizuri kuliko nilivyotegemea. Mliamia pamoja mkiwa wadogo, alisema, na matusi yote yale ni yake, wewe ulimwibia.

Alhamisi, 10 Julai

Kuvuna. Watu kumi na moja. Mikono imejaa michubuko.

Ijumaa, 11 Julai

Kupura. Ulipiga tukiwa uwanjani, Bibi ndiye aliyepokea. Nilisema sina nafasi. Haikuwa kweli kabisa.

Jumapili, 13 Julai

Mpunga umeingia ndani. Upande wa mfereji umetoa kidogo kwa sababu yangu. Mjomba amevunja dungu, nguzo ameziegemeza ukutani. Majaruba yako wazi, unaweza kuona mpaka mlima wote, na ni kimya, hata ndege hawana haja ya kuja. Kesho Anti Blandina anapita hapa na basi, nitampa daftari.

Nilikuwa na mpango mwingine. Nilitaka kukuwekea reale katikati ya kurasa, Bibi alinikubalia, alisema ni yangu sasa kwa kuwa mimi ndiye niliyeisumbua. Jana niliishika muda mrefu. Nilifikiri, utaifungua, utaiona, utajua nakuita. Halafu nikaona ninachofanya. Ningekuwa nimekuja kutoka mbali, nimeweka fedha chini mbele yako, nimesema jiandae twende. Basi nimeirudisha kwenye kopo.

Nimekasirika, Mama, sitakuficha. Nimekasirika kwa sababu ya miezi tisa niliyoihesabu ambayo haikuwepo. Nimekasirika kwamba yule bibi mzee anakuita kwa jina la mtu mwingine na wewe unaitika. Lakini nimesoma daftari hili lote tangu mwanzo kabla ya kulifunga, na nimeona kitu. Miaka hii yote, mimi nimekuuliza utarudi lini, Bibi amekuuliza umetuma lini, Mjomba amekuuliza mkataba unaisha lini. Zote ni tarehe.

Anti Blandina anasema kuna mtu wa Mhezi anakuja likizo Septemba, na atapita hapa. Usinijibu kwa simu, mtandao utakatika. Niandikie, hata ukurasa mmoja, umpe huyo mtu. Jibu lolote litakalokuwa nitalisoma mpaka mwisho, na nitabaki mwanao. Nakuomba tu liwe la kweli, kama mimi nilivyojaribu.

Ukiacha mimi, ukiacha Bibi na mpunga na nauli, wewe mwenyewe, Mama, unataka kuishi wapi?